Gusa chungu kwanza, maji baadaye

Kila Januari simu yangu hujaa picha za majani. Majani yaliyolegea, yaliyoungua ncha, yaliyogeuka manjano kuanzia chini. Ujumbe unaoambatana na picha hizo karibu wote ni mmoja: "Namwagilia kila siku lakini unazidi kunyauka." Nina kitalu cha maua Mbweni, na jambo hili nimekuwa nikilieleza kipande kipande kwa simu, mara nyingi mtu akiwa kwenye foleni ya Mwenge huku honi zinalia. Leo nalieleza lote.

Joto la hewa la Dar si adui mkubwa wa maua ya chungu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, mchana huwa 28 au 29 na usiku hushuka hadi karibu 19. Mimea mingi tunayouza ni ya nchi za joto. Krotoni, sansevieria na pothos zikiwa kivulini hazisumbuliwi na nyuzi 32. Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa ambayo watu huiona kama ua la kigeni la ofisini, asili yake ni hukuhuku Afrika Mashariki.

Kinachoua ni joto la mizizi. Mti uliopandwa ardhini hupeleka mizizi yake chini ambako jua halifiki, na udongo wa chini hubaki na ubaridi hata saa nane mchana. Mzizi wa chungu hauna pa kukimbilia. Tena hupenda kuzunguka ukutani mwa chungu, na ukuta ndio unaopigwa na jua. Mizizi ya mimea mingi huanza kuumia udongo ukizidi nyuzi 40 hivi, na chungu cheusi cha plastiki kikikaa juani hufika hapo bila shida.

Mwaka jana mama mmoja wa Sinza aliniita nikamwangalizie mdimu wake. Ulikuwa kwenye chungu cheusi, kwenye roshani ya ghorofa ya pili inayotazama magharibi.

"Mwanangu, naunywesha asubuhi na jioni. Umekosa nini?"

"Mama, hebu weka kiganja hapa ubavuni."

Aliweka, akautoa mkono haraka. Nilichomeka kipimajoto cha udongo kina cha vidole vitatu. Upande wa jua kilisoma nyuzi 44, upande unaoelekea ukuta wa nyumba 35, na hewa ya pale kivulini ilikuwa 32. Tulipoutoa mdimu kwenye chungu, donge la udongo lilikuwa na sura mbili: upande wa ukutani mizizi myeupe, imekakamaa vizuri, upande wa jua mizizi ya kahawia, laini, ukiivuta ngozi yake inavuka na kubaki uzi mwembamba mkononi. Na udongo ulikuwa chepechepe.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na siwalaumu, maana jani lililolegea linafanana na jani lenye kiu. Mzizi ulioungua hauwezi kuvuta maji hata ukiuzamisha kwenye ndoo. Jani linaendelea kupoteza maji kwa jua, hakuna yanayopanda kutoka chini, linalegea. Mwenye ua anaongeza maji. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na mzizi kwenye joto huhitaji hewa zaidi, kwa hiyo unakosa pumzi na kuanza kuoza. Kesho jani limelegea zaidi, maji yanaongezwa tena. Ukiona ua limenyauka saa nane mchana, chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mbichi, usimwagilie. Lisogeze kivulini, usubiri hadi magharibi. Likiinuka lenyewe, tatizo lilikuwa joto.

Kuhusu chungu chenyewe, bibi zetu walishatufundisha bila kutaja mimea. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu udongo uliochomwa una vitundu. Maji hupenya taratibu hadi nje, yanakauka, na yanapokauka huondoka na joto. Chungu cha udongo cha maua hufanya kazi hiyohiyo. Dar ina unyevu mwingi hewani, hivyo hakitapoa kama ambavyo kingepoa Dodoma, lakini penye upepo tofauti utaihisi kwa kiganja. Inaniuma kuona vyungu vizuri vya udongo vikipakwa rangi ya mafuta nje na ndani ili vipendeze. Vitundu vimezibwa, na chungu hakitoi jasho tena. Ukitaka rangi, paka chokaa nyeupe upande wa nje. Chokaa inapumua, na weupe unarudisha jua.

Kama ua lako liko kwenye plastiki na hutaki kulihamisha, litumbukize na plastiki yake ndani ya chungu kikubwa cha udongo, jaza mchanga katikati, na uuweke mchanga huo na unyevunyevu. Huu ndio ufundi ninaoutumia zaidi kwa wateja wenye roshani. Mdimu wa Sinza tuliukata mizizi iliyooza, tukaupunguza matawi, tukauweka hivyo, tukafunika udongo kwa usumba wa nazi. Ulichukua miezi mitatu kutoa majani mapya. Wenye ndoo nyeupe za rangi, msizidharau: toboa matundu chini na una chungu kinachopata joto kidogo kuliko kile cheusi cha dukani.

Angalia pia upande ambao roshani yako inatazama. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linatuhama. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita upande wetu wa kusini. Miezi iliyobaki linapita kaskazini. Roshani inayotazama kusini ambayo Julai ilikuwa kivuli kitupu, Desemba inapigwa jua, na mwenyewe anashangaa ua limeugua ghafla ilhali hajaligusa. Magharibi ni kugumu mwaka mzima, kwa sababu jua la alasiri linakuta ukuta umeshapata moto.

Maji nayo. Mpira uliolala juani hutoa maji ya kuoga mtoto, na bomba lililounganishwa na tangi jeusi la juu ya paa ni vilevile. Acha yatiririke kwenye ndoo kwanza hadi yapoe, au bora zaidi mwagilia alfajiri. Maji ya friji pia hapana. Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo watu hurudi nalo kutoka Lushoto, hutokwa na madoa ya duara majani yake yakimwagiwa maji baridi.

Ndani ya nyumba kosa ni moja: kuweka ua mbele ya AC. Upepo wake mkavu hukausha ncha za majani, hasa ya kalathea. Nje, mashine yake hupuliza hewa ya moto, na nimeshaona ferni ikikauka upande mmoja tu, ule unaoitazama mashine.

Nimalizie na okidi, maana swali lake huja kila mwaka. Umepewa phalaenopsis kama zawadi, maua yakaanguka, miaka miwili sasa ni majani matupu. Mmea mzima kabisa. Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za ubaridi ndipo itoe shina la maua, na Dar ya kaskazi haina ubaridi wa namna hiyo. Nafasi yako ni Juni hadi Agosti. Iweke dirishani panapoingia upepo wa kusi, usiku madirisha yawe wazi, mchana isipate jua la moja kwa moja. Kama chumba chako cha kulala kina AC ya usiku, iingize humo, mbali na upepo wake. Kisha chungulia chini ya majani: shina la maua huanza kama kidole kidogo cha kijani chenye ncha bapa, na mzizi wa hewa una ncha ya duara. Wengi wanakikata kwa kudhani ni mzizi.