Klorosisi: Jani la Nyanya Linapogeuka Njano Mavuno Yakikaribia

Klorosisi ni hali ya jani kupoteza ukijani wake, likawa njano au likapauka, kwa sababu klorofili iliyomo imepungua, imeharibiwa au haitengenezwi tena kwa kiasi kinachotosha. Neno hili lina asili ya Kigiriki, lugha ambayo shina lake humaanisha rangi ya kijani iliyofifia. Kwa kuwa klorofili ndiyo inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula, jani lililopauka ni jiko ambalo moto wake umepungua, na mmea wenye majani mengi ya namna hiyo hauwezi kulisha vishada vyake vya matunda kama inavyotakiwa.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba klorosisi si ugonjwa. Ni dalili, kama ilivyo homa kwa binadamu, na sote tunajua gharama ya kumeza dawa ya malaria kwa kila homa bila kupima. Jambo la pili ni kuitenganisha na nekrosisi, ambayo ni kufa kwa tishu za jani, sehemu ikakauka na kuwa ya kahawia au nyeusi. Wakulima wengi huyaita yote mawili kwa neno moja, kwamba majani “yameungua”, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: jani lenye klorosisi bado li hai na mara nyingine hurudi kuwa kijani likipata kilichokosekana, lakini sehemu iliyokwisha kufa haifufuki hata ikipigwa busta (mbolea ya kunyunyizia majani) ya bei gani.

Nimechagua kuieleza dhana hii kwa kutumia mnyanya ulio katika wiki zake za mwisho, yaani ule ambao vishada vya chini vimeanza kuiva huku vya juu bado vina maua, kwa sababu ni wakati huo ambapo njano huwa na maana nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Mmea mchanga ukigeuka njano, kuna tatizo. Mmea unaokomaa ukigeuka njano, huenda hakuna tatizo lolote. Matunda yanapojaa, mmea huvunja klorofili na protini za majani yake ya zamani, ukahamisha naitrojeni na madini mengine kwenda kwenye matunda na ncha zinazokua. Majani mawili matatu ya chini kabisa, yaliyo chini ya kishada kilichokwisha kuiva, yakigeuka njano iliyoenea sawasawa bila madoa, kisha yakaanguka kwa kuguswa tu, huo ni uzee. Wanaofunga nyanya kwenye miti au kamba huyaondoa mapema ili hewa ipite, na hawapotezi chochote.

Swali linaloanza kutenganisha uzee, njaa na uvamizi ni hili: njano imeanzia wapi? Virutubisho vya mmea viko vya aina mbili kwa mwenendo wake. Vipo vinavyohama kwa urahisi ndani ya mmea, na vipo ambavyo vikishawekwa mahali hubaki hapohapo. Naitrojeni, magnesi, potasiamu na fosforasi huhama. Vikipungua, mmea huviondoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma, kalsiamu na kwa kiasi kikubwa salfa havihami hivyo. Vikipungua, majani machanga ya juu ndiyo yanayoteseka, wakati yale ya chini yamekaa kijani kama kawaida. Mtu anayeelewa hili peke yake amekwisha kuondoa nusu ya makosa kabla hajafungua mfuko wa mbolea.

Upungufu wa naitrojeni hulipausha jani zima la chini, mishipa na nyama yake, na njano hiyo hupanda juu taratibu huku mmea wote ukiwa mwembamba. Magnesi ni tofauti: atomi yake ndiyo iliyo katikati kabisa ya molekuli ya klorofili, na ikikosekana jani la chini huwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, mpaka jani likaonekana kama wavu wa kijani uliotandazwa juu ya kitambaa cha njano. Hii ndiyo klorosisi ninayoiona mara nyingi kwenye minyanya iliyobeba sana, na chanzo chake kwa kawaida ni mkulima mwenyewe. Akisikia kwamba potasiamu hukuza tunda na kulipa rangi, huimwaga kwa wingi, na potasiamu iliyozidi hushindana na magnesi kwenye mlango wa mizizi. Udongo unaweza kuwa na magnesi ya kutosha na mmea ukaikosa vilevile. Katika hali hiyo dawa si kuongeza mbolea, ni kuacha kuongeza, na kama upungufu ni mkubwa, kunyunyizia majani magnesi salfeti, gramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, jioni jua likiwa limepoa.

Upungufu wa potasiamu wenyewe hujulikana kwa kingo za majani ya zamani kugeuka njano kisha kukauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Upungufu wa chuma hutoa wavu uleule wa mishipa ya kijani, lakini kwenye majani machanga ya juu, na mara nyingi si kwamba chuma hakimo ardhini. Nyanya hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu wake, ya takriban 6.0 hadi 6.8, udongo wenye chokaa nyingi hukifunga chuma, na udongo uliojaa maji huinyima mizizi hewa ikashindwa kukichukua. Kabla ya kununua chochote, chimba kwa kidole kando ya shina. Ukikuta tope linalonuka, jibu liko kwenye mfereji wa maji.

Swali la pili ni kuligeuza jani. Linaonekana dogo mno kuandikwa, lakini nililijifunza kwa hasara. Msimu mmoja wa kiangazi, minyanya yangu ya robo eka ilikuwa na vishada vinne vizuri, nikaona majani ya katikati yamepauka kama yaliyomwagiwa vumbi la njano. Muuzaji wa duka la pembejeo, bila kuuliza njano imeanzia wapi, aliniuzia busta. Nikaipiga mara mbili. Njano ikazidi. Siku ya tatu baada ya dawa ya pili, jirani yangu mzee alikata jani moja, akaligeuza, akaligonga mara tatu juu ya ukurasa mweupe wa daftari langu la mahesabu, kisha akaniambia nitulie niangalie. Kwa muda wa pumzi moja hivi karatasi ilikuwa na vumbi tu. Halafu vumbi likaanza kutembea. Akapitisha kidole juu yake, likaacha michirizi yenye rangi ya kutu.

Huo ulikuwa utitiri mwekundu. Kila mmoja ni wa takriban nusu milimita au pungufu, una miguu minane, ni jamaa wa buibui na wala si mdudu wa miguu sita. Hukaa upande wa chini wa jani, hutoboa seli moja moja na kuzinyonya, na kila seli iliyonyonywa huacha nukta moja iliyopauka; nukta zikiwa maelfu, jicho la mbali huona njano tu. Ndiyo maana njano ya utitiri, ukiisogelea, si rangi iliyoenea kama ile ya njaa, bali ni chengachenga za madoa madogo mno. Ukichelewa utaona nyuzi nyembamba za utando kati ya kikonyo na shina. Katika joto kali na ukame, yai huweza kufikia utu uzima ndani ya wiki moja hadi mbili, na kwa sababu hiyo shamba lililoonekana zima Jumapili huweza kuwa limepauka Jumapili ya pili yake. Tena kuna mtego: dawa nyingi za kawaida za wadudu, hasa za kundi la pareto za viwandani, haziuui vizuri lakini huwaua maadui wake wanaomla, kwa hiyo baada ya kupiga dawa utitiri huongezeka.

Yuko ndugu yake ambaye hata karatasi haimwonyeshi, utitiri wa kutu, wenye urefu wa takriban sehemu moja ya tano ya milimita. Huanzia chini ya shina na kupanda, akilifanya shina ling'ae kwa rangi ya shaba na majani ya chini yakauke yakiwa yamening'inia. Humhitaji mtu mwenye lenzi ya kukuzia, na wengi humdhania kuwa ukame.

Inzi weupe hujitangaza wenyewe: tikisa mmea, wingu dogo jeupe huruka kisha kutua tena. Kunyonya kwao hupausha jani na huacha utomvu mtamu unaoota ukungu mweusi kama masizi, jambo ambalo hata vidukari hulifanya, na sisimizi wanaopanda na kushuka shina ndio mashahidi wake. Lakini hatari yao kubwa ni kirusi wanachokibeba, kinachosababisha ugonjwa ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita rasta. Hapa majani ya juu huwa madogo, yamejikunja kwenda juu kama vijiko, kingo zake ni njano, mmea hudumaa na maua huanguka. Kirusi hakina dawa. Mmea uliokumbwa mapema hung'olewa. Ule uliokumbwa wakati vishada vya chini vimekwisha kujaa utaivisha hivyo lakini hautazaa vingine, na mkulima hana budi kupima kama mavuno hayo yanastahili hatari ya kuambukiza mistari ya jirani.

Kantangaze ni kisa kingine. Nondo huyu wa Amerika ya Kusini aliingia Hispania mwaka 2006, na ndani ya miaka kumi alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki. Kiwavi wake huingia kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya ndani, akiacha kiwambo kilichopauka ambacho wengi hukichukulia kuwa ni baka la ugonjwa. Liinue jani lielekee jua: ukiona chumba kipana kinachopitisha mwanga, chenye kinyesi cheusi na pengine kiwavi mwenyewe ndani, ni kantangaze, ukiona mstari mwembamba uliopindapinda kama njia ya konokono, huyo ni inzi mchimba majani, ambaye kwenye mmea unaoelekea mwisho hana madhara ya kukukosesha usingizi. Kantangaze huhamia kwenye tunda, akiingilia mara nyingi karibu na kikonyo.

Magonjwa ya ukungu huweka njano kama fremu ya doa. Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara kama pete za gogo lililokatwa, yamezungukwa na njano. Bakajani chelewa halisubiri njano. Huleta mabaka yenye majimaji, na asubuhi ya baridi na umande huonekana ukungu mweupe chini ya jani.

Ikiwa majani hayana nukta, hayana mabaka na hayafuati mpangilio wa njaa, basi uchunguzi ushuke kwenye shina na mizizi. Njano inayoshika upande mmoja wa mmea, au hata upande mmoja wa jani moja, huashiria mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaotoka udongoni. Pasua shina kwa urefu na utaona mishipa imekuwa ya kahawia chini ya ganda. Mnyauko bakteria, kwa upande wake, huuangusha mmea ungali kijani. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, na ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka kutoka kwenye jeraha. Ukiung'oa mmea na kukuta mizizi ina vinundu, usijifariji kwamba ni vile vya maharage vinavyotengeneza naitrojeni, kwa kuwa nyanya haina vinundu hivyo. Hivyo ni kazi ya minyoo fundo, wanaoziba njia ya maji na chakula, na mmea huonyesha njaa ya kila kitu kwa pamoja.

Uamuzi wa tiba katika wiki hizi hauongozwi na mdudu peke yake. Kila kiuatilifu kina siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo, na nyanya inayochumwa kila siku ya tatu haina nafasi ya dawa inayodai siku kumi na nne. Dawa isiyo na lebo, au ile iliyomiminwa kwenye chupa ya maji na kuuzwa kwa kipimo cha kifuniko, haina jibu la swali hilo, na haifai kuingia shambani. Kumwaga urea wakati huu ili kuirudisha rangi ya kijani nako ni kujidanganya, kwa sababu naitrojeni iliyomo, asilimia 46 ya uzito wake, italeta majani mapya laini, kuchelewesha kuiva na kuwaandalia wanaonyonya utomvu karamu. Mara nyingi la busara ni kuyaondoa majani yaliyoharibika, kuyatia kwenye mfuko bila kuyaburuta katikati ya mistari, na kuyazika au kuyachoma mbali na shamba.

Baada ya mchumo wa mwisho, minyanya yenye utitiri au kantangaze ikiachwa imesimama hadi ikauke, wakazi wake huhama. Hawaendi mbali. Mnavu ulioota kando ya mfereji na ndulele iliyo kwenye ua ni jamaa wa nyanya, na ukiyageuza majani yake mwezi mmoja kabla ya kusia mbegu mpya, ukayagonga juu ya karatasi nyeupe, utajua ni nani anayeungoja msimu ujao pamoja nawe.