Mbona mikono inachoka mapema kuliko miguu?

Swali hili naulizwa sana na watu wanaokuja kupimwa hapa maabara: "Baiskeli ya mazoezi napiga nusu saa freshi tu, ila ile mashine ya kunyonga kwa mikono dakika tano nahema kama nimekimbizwa, mikono yangu ina shida?" Haina shida, karibu kila mtu yuko hivyo.

Ukiwa umetulia mwili unatumia oksijeni kama mililita 250 hivi kwa dakika, na misuli inapata kama sehemu ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Ukikaza zoezi kwelikweli misuli inachukua asilimia 80 au zaidi, maana mishipa ya msuli unaofanya kazi inatanuka huku ya utumbo na figo ikibana. Damu ikifika pale, joto na asidi vinafanya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iachie oksijeni, inaingia mpaka kwenye mitokondria (vijiwanda vya nishati ndani ya seli), huko ndiko sukari na mafuta vinachomwa. Molekuli moja ya glukosi (sukari ya damu) ikichomwa kwa oksijeni inatoa ATP (molekuli za nishati ambazo msuli unazitumia moja kwa moja) kama 30, bila oksijeni unaambulia 2 tu.

Sasa chukua wati 50. Kwenye baiskeli mzigo huo unagawanywa kwa mapaja, makalio na vigimbi, yaani misuli mikubwa kabisa, hata haisikii. Kwenye mikono wati hizohizo zinabebwa na misuli midogo ya mabega na mikono, inajikaza karibu na mwisho wa uwezo wake, inabana mishipa yake yenyewe, asidi inapanda, na wakati huo kiwiliwili nacho kinajikaza ili usiyumbe, kazi ambayo mashine haiihesabu ila oksijeni inaliwa. Ndo maana kwa mzigo uleule mapigo ya moyo na presha vinapanda zaidi ukitumia mikono.

Hapa wengi wanachanganyikiwa: mzigo uleule unakula oksijeni nyingi zaidi kwa mikono, lakini kilele, yaani oksijeni nyingi kabisa unayoweza kutumia kwa dakika, kiko chini kwa mikono, kwa mtu asiye na mazoezi ni kama asilimia 70 ya kile cha miguu. Misuli ni midogo, na pia haifyonzi oksijeni kwenye damu vizuri kama ya miguu, nyingine inarudi na damu bila kutumika.

Kwa hiyo ukihamia mashine ya mikono anza na nusu ya mzigo wa baiskeli au chini yake, na usilazimishe mapigo yafike kule yanakofika ukikimbia, kilele cha mikono huwa pungufu kwa mapigo 10 hadi 15 hivi. Mwenye presha au tatizo la moyo aongee na daktari kwanza, hasa kwa mazoezi ya kuinua vitu juu ya kichwa.

Na kukimbia sana hakutakusaidia sana mikononi, kwa sababu kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) na mitokondria vinaongezeka kwenye msuli uliotumika. Wanamichezo wanaosukuma viti vya magurudumu kila siku, ukiwaweka kwenye hiyo mashine wanawaacha mbali wakimbiaji wengi.