Kipoza cha maji cha kompyuta si friji
Kwenye maduka ya kompyuta ya Kampala utaambiwa: "Weka kipoza cha maji, prosesa itakuwa baridi kama soda ya friji." Si kweli. Maji hayatengenezi baridi. Yanabeba joto kutoka kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, hadi kwenye rejeta, feni zinalipuliza nje, basi. Chumba kikiwa na nyuzi 28, hata mfumo wa bei ya kutisha hautashuka chini ya 28. Na prosesa ikila wati 150, joto la wati 150 utalala nalo chumbani, maji au bila maji.

Balaa zaidi ni ufungaji. Mifumo iliyozibwa kiwandani huwa na hewa kidogo ndani, nayo hupanda juu. Pampu inayozungusha maji ikiwa ndiyo sehemu ya juu kabisa, hewa inajikusanya humo na utasikia gurugurugu, kama wazee wanaomalizia malwa kwa mirija. Rejeta ikae juu ya kasha la kompyuta. Ukiifunga mbele, kichwa chake kiwe juu kuliko pampu.

Kasi ya feni ifuate joto la maji, kama kipimo chake kipo. Joto la prosesa linaruka ukifungua programu moja tu, na feni zitapiga kelele bure.