Ukimkuta Samaki Ndani ya Jiwe, Mwache Kwanza Alipo

Tangu masika yaishe, simu ya ofisi yetu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mawe, haipumziki. Makorongo yamekatika upya, kingo za barabara zimeporomoka, wapasua kokoto wamefikia matabaka ambayo hayajawahi kuona jua, na watu wanaokota mawe yenye alama za samaki. Wengi hutuma picha kwa WhatsApp, na swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mtaalamu, hii inaenda shilingi ngapi?"

Nafurahi kwamba wananchi wanatazama wanapokanyaga. Visukuku vingi vinavyojulikana nchini vilionwa kwanza na watu wa kawaida, wachungaji, wakulima na wachimbaji, kabla mtaalamu yeyote hajafika. Lakini picha ninazopokea nyingi zimepigwa juu ya meza ya sebuleni, jiwe limeshaoshwa, limeshachongwa pembeni likae vizuri. Hapo ndipo roho inaponiuma. Kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kimetoka wapi na tabaka gani ni kama cheti cha kuzaliwa kilichochanwa sehemu ya mwaka na mahali. Jina lipo, mtu humjui.

Tuna mfano wetu wenyewe, na nashangaa Watanzania wachache wanaujua. Mkoani Singida, magharibi ya mji, lipo eneo liitwalo Mahenge. Si Mahenge ya Ulanga kule Morogoro kwenye vito vya spineli; nimelirudia hili kwenye simu mara nyingi mno, na bado kuna watu wanafunga safari kwenda Ulanga kutafuta samaki. Mahenge ya Singida ilianza na mlipuko wa volkano ya kimberlaiti, mwamba ule ule unaopandisha almasi kutoka chini sana. Mlipuko ukaacha shimo, shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo. Tope laini likatuama chini kidogo kidogo, mahali pasipo na oksijeni ya kutosha wala wadudu wa kuchimbua. Samaki aliyekufa akalala ubavu, akafunikwa bila kuguswa. Hiyo ni takriban miaka milioni 46 iliyopita.

Mwaka 1960 P. Humphry Greenwood, mtaalamu aliyezijua sana samaki za Ziwa Viktoria, alieleza samaki mdogo kutoka Mahenge akamwita Palaeodenticeps tanganikae. Ni wa jamii ya dagaa kwa mbali, lakini fuvu lake limejaa vijino vidogo vidogo kwa nje. Ndugu yake pekee aliye hai, Denticeps, leo yuko kwenye mito ya Afrika Magharibi, Nijeria, Benin na Kameruni. Singida hayupo tena. Mwaka 1967 Greenwood na Colin Patterson wakaongeza Singidida, samaki aliyebeba jina la mkoa wenyewe. Na mwaka 2000 Alison Murray akaeleza samaki aliowaita Mahengechromis, ambao ndio wa kale kuliko wote wanaojulikana katika ukoo wa perege, sato na furu. Anayekula sato Mwanza leo anakula jamaa wa samaki waliolala kwenye tope la Singida kabla bonde la Ziwa Viktoria halijakuwapo. Kwenye matabaka hayo hayo wamepatikana pia chura na popo.

Sasa jiulize tumejuaje umri wao. Samaki mwenyewe hasemi. Umri ulipatikana kwa kupima chembe za madini ya zirkoni zilizomo kwenye miamba ya volkano ya pale pale. Yaani jirani wa samaki ndiye aliyetoa ushahidi. Kama mawe yale yangekusanywa na mtu, yakapakiwa kwenye gunia na kuuzwa barazani Dar es Salaam, leo tungekuwa na picha nzuri za samaki wadogo wasio na umri, wasio na kwao, na sato asingekuwa na ukoo.

Tuje kwenye kutambua, maana hapa watu wanakosea kwa namna zinazorekebishika. Samaki mzima aliyelala kwenye jiwe bapa, kama wa Mahenge, ni nadra. Kitu utakachokutana nacho mara nyingi zaidi, kwenye mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, ya maziwa na mito ya kale, ni vipande. Pingili ya uti wa mgongo wa samaki ni rahisi kuitambua: iviringe kwenye kidole utaona imebonyea pande zote mbili, kama vikombe viwili vya kahawa vilivyogandishwa matako kwa matako, na ukiitazama usoni utaona pete ndani ya pete. Pingili ya mnyama wa nchi kavu kwa kawaida haiko hivyo. Pingili za sangara wa kale zinaweza kuwa kubwa hata mtu akadhani ni za ng'ombe.

Kambare hana magamba, kwa hiyo usimtafutie magamba. Mtafute kwa fuvu: mifupa yake ya kichwa ni minene, na juu ina vipele vidogo vilivyosambaa kama ngozi ya mtu aliyepata ubaridi. Gogogo huacha miiba yake ya mapezi, mirefu, yenye meno kama msumeno ukingoni. Kamongo huacha bamba la meno lenye matuta makali yanayotawanyika kama vidole vya mkono. Wengi huniletea wakidhani ni jino la mamba au kipande cha ganda. Hili la kamongo naomba tulishike, kwa sababu bamba moja dogo kama ukucha wa dole gumba linaweza kutuambia kwamba hapo palikuwa na maji yanayokauka kiangazi, mahali ambapo leo ni vumbi tupu.

Kwa samaki mzima, usiishie kwenye umbo. Umbo hudanganya. Angalia pezi la mgongoni: je, lina miiba migumu mbele na vijiti laini nyuma, kama perege? Angalia magamba kwa kioo cha kukuzia: jamii ya Singidida ina magamba makubwa yenye michoro kama wavu. Angalia kichwa kama kina vijino kwa nje. Ukiona dalili usiyoifahamu, hiyo ndiyo iache kabisa bila kuikwangua, maana samaki wa ajabu hutambulika kwa kitu kidogo ambacho kisu cha jikoni hukiondoa kwa dakika moja.

Na yapo mawe ambayo si samaki. Madoa meusi yanayotambaa kwenye ufa wa jiwe kama majani ya mti au miiba ya samaki ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji. Ni mazuri, nakubali, lakini hayajawahi kuwa hai. Mawe ya mviringo yenye "kichwa na mkia" mara nyingi ni uvimbe wa mashapo uliogandia kwenye kiini fulani. Ndani yake kinaweza kuwamo kisukuku au kusiwemo kitu, ila usipasue kwa nyundo kujua. Jiwe likishapasuka lenyewe, basi zichukuliwe pande zote mbili kuwa kitu kimoja: upande mmoja hubaki na mifupa, wa pili na chapa yake. Tumeshaletewa chapa peke yake, upande wenye mifupa umebaki korongoni, na mvua ikaumaliza.

Yapo pia mambo ninayoyasikia ambayo lazima niyakatae waziwazi. Samaki wa jiwe hana zebaki ndani yake, wala si alama ya mali iliyofichwa na Wajerumani. Watu wamebomoa kingo nzima za mto kufuata uvumi huu na hawajapata kitu, ila wamepoteza matabaka yasiyorudishika. Silikanti naye si kisukuku. Ni samaki hai. Ni kweli ukoo wake ulijulikana kwanza kutokana na mawe tu na ukadhaniwa umekwisha zama za dinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu wavuvi wamewanasa Tanga, na ndiyo sababu kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti pale. Anayekuuzia silikanti aliyekaushwa kwa jina la kisukuku anakuingiza kwenye kosa jingine kabisa, la samaki anayelindwa.

Kuhusu sheria, naomba uvumilivu, kwa sababu maneno yake yana uzito. Inayohusika ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, pamoja na marekebisho yake ya 1979. Wengi hudhani inahusu magofu na vyungu tu. Sivyo. Inataja pia mabaki na chapa za visukuku vya binadamu, vya wanyama wengine wenye uti wa mgongo, na vya mimea. Samaki ana uti wa mgongo. Kwa hiyo yumo, awe mzima au pingili moja. Kuchimba kutafuta vitu hivi kunahitaji leseni. Kuvifanyia biashara bila leseni hakuruhusiwi. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali hakuruhusiwi, hata kama ni zawadi kwa rafiki, hata kama ni kipande kwenye begi la mkononi. Anayekuta kitu bila kukitafuta anapaswa kutoa taarifa. Ukiukaji ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili. Kitu chenyewe kinaweza pia kutaifishwa.

Leseni ya uchimbaji madini si leseni ya visukuku. Nasema hivi kwa wachimbaji wadogo kwa heshima yote, kwa kuwa ninyi ndio mnaofika chini kuliko sisi. Leseni yako inakupa haki juu ya madini yaliyoandikwa humo. Ukikutana na mifupa kwenye shimo lako, simamisha kazi sehemu hiyo tu, si mgodi mzima, kisha toa taarifa. Ninajua hofu iliyopo, kwamba serikali itafunga shimo, lakini hofu hiyo ndiyo inayofanya mifupa isagwe usiku kwenye kreshi, mashine ya kusaga mawe.

Kwa anayetaka kutafuta kwa makusudi, awe mwanafunzi, mwalimu au mpenzi wa mambo haya, njia ipo ila ni ndefu. Kwanza kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, ambapo utaulizwa una ujuzi gani, utachimba wapi, na vitu vitahifadhiwa wapi. Kisha barua za utambulisho: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Usiruke kijiji. Barua ya mkoa haikusaidii mbele ya mwenye shamba ambaye hajaambiwa. Anayeona njia hii ni mzigo anaweza kuungana na timu yenye vibali. Timu nyingi za utafiti huhitaji macho ya wenyeji. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, kazi ya Wajerumani ya kuchimba dinosaria ilisimama juu ya mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika, na Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi aliyejua mifupa kuliko wageni wengi. Alijifunza kwa kufanya, kwenye matabaka yenyewe.

Wewe uliyekuta kwa bahati, fanya hivi. Usikitoe. Piga picha tatu: ya karibu, ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane, ya hatua chache nyuma, ikionyesha tabaka, na ya mbali, ikionyesha korongo au mti unaojulikana. Washa huduma ya eneo (GPS) kwenye simu, andika namba za mahali kwenye karatasi. Usiweke namba hizo Facebook, maana wanaopita nyuma yako si wote wana nia yako. Mpe taarifa mtendaji wa kijiji au Afisa Utamaduni wa halmashauri, naye atatufikishia. Kama mto unakaribia kukichukua, hapo tu ndipo unaruhusiwa busara: kitoe pamoja na jiwe lililokizunguka, kifunge kwa karatasi ya chooni kisha gazeti, kikae kivulini. Tope la ziwa la kale likikauka ghafla juani hubanduka kama maganda ya kitunguu.

Usioshe. Usipake kitu. Mzee mmoja alitusafiria siku mbili akiwa na jiwe lenye samaki kamili, mdomo mpaka mkia. Alikuwa amelisugua kwa brashi na sabuni ya unga, kisha akalipaka vanishi ya fenicha mara mbili ili ling'ae. Alifanya kwa upendo, nilimwona usoni. Mapezi yalikuwa yameondoka na brashi. Magamba yalikuwa chini ya vanishi, na tulipojaribu kuiyeyusha yalitoka nayo. Nilipomuuliza alilitoa wapi, alisema lilikuwa la marehemu kaka yake.

Wapo wengi wenye mawe ya namna hii kabatini, waliyorithi au kuokota utotoni, na wanaogopa kuyaleta. Siwezi kusema kwa niaba ya mahakama, lakini anayekuja mwenyewe kutoa taarifa yuko mahali tofauti na anayekamatwa uwanja wa ndege. Leo, kabla hujaamua lolote, chukua kalamu na karatasi. Andika jina la kijiji, korongo, mwaka, na nani alikuwapo, kisha kunja karatasi hiyo uiweke pamoja na jiwe. Kama bibi yako ndiye anayekumbuka, muulize jioni hii.