Je, Wajua Kwa Nini Wamisionari wa Afrika Huishi Watatu au Zaidi?

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la Mapadre Weupe, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Miongoni mwa kanuni alizowaachia wanashirika wake, ipo moja aliyoishikilia kuliko karibu zote: katika kituo chochote cha misheni wasikae kamwe pungufu ya watatu, wawe mapadre au mabruda. Alisema ni heri kukataa ombi la kufungua kituo, hata likiwa la haraka na lenye manufaa makubwa, na hata shirika lenyewe life, kuliko kuiacha kanuni hiyo. Maneno hayo ni mazito, na yanamfanya msomaji wa Injili aulize: kwa nini watatu, ilhali Marko 6:7 inatuambia kwamba Yesu aliwatuma Thenashara wawili wawili?

Sababu ya kwanza ni maradhi na kifo. Mmisionari wa karne ya 19 aliyetoka Ulaya kuja Afrika ya kitropiki alikabili malaria bila kujua inaenezwa na nini, kwa kuwa uhusiano wa mbu na ugonjwa huo ulithibitishwa mwaka 1897 tu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na baada ya miezi michache akawa amemzika mke huyo pamoja na mtoto wao mchanga; aliendelea na kazi bila mwenzake wa misheni hadi Johannes Rebmann alipoungana naye mwaka 1846. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kuelekea Maziwa Makuu, mwaka 1878, ulimpoteza Padre Pascal njiani, kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Nyumba ya watu wawili ikiingiwa na homa, anayebaki mzima hulazimika kuwa mwuguzi, mpishi, mwalimu na mhubiri kwa wakati mmoja, na mgonjwa akifariki hubaki na kaburi na ukimya. Wakiwa watatu, mmoja huugua, wa pili humwuguza, wa tatu huendelea na kazi. Tena mmoja akisafiri kuwatembelea waumini wa mbali, wawili hubaki wakisali na kula pamoja.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni ugomvi. Wamisionari hawachaguani. Mkuu wa shirika humpangia mtu kituo, naye akifika hukuta wenzake ambao hajapata kuwaona, wenye umri, malezi na tabia tofauti na zake, kisha hukaa nao meza moja asubuhi, mchana na jioni kwa miaka. Hana ndugu wa kumkimbilia siku akikasirishwa, wala rafiki wa utotoni wa kumpunguzia uchungu. Mambo yanayowachosha wenye maisha hayo mara nyingi ni madogo mno kuyaandika katika ripoti: nani alitumia fedha bila kuuliza, nani huchelewa sala ya asubuhi, nani hujibu kwa mkato, nani huhesabu kazi yake kuwa ndiyo kazi. Wawili wakikorofishana kwa mambo kama hayo, hakuna aliyebaki wa kuwasikiliza wote wawili. Hata mitume hawakuepuka jambo hilo: Paulo na Barnaba, waliotumwa pamoja kutoka Antiokia, walishindana vikali juu ya kumchukua Yohane Marko hadi wakatengana, kama Matendo ya Mitume sura ya 15 inavyosimulia bila kuficha. Inatia moyo kwamba baadaye, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Marko huyohuyo anaombwa aletwe kwa sababu anafaa kwa utumishi.

Wamisionari wa Kibaptisti waliokusanyika Serampore, India, mwaka 1800 walilielewa jambo hili mapema, ingawa wao hawakuwa watawa bali watu wenye wake na watoto. William Carey, Joshua na Hannah Marshman, William Ward na wenzao walinunua nyumba moja kubwa, wakala meza moja na kuweka mapato yote katika mfuko mmoja. Hakuna aliyeruhusiwa kufanya biashara kwa faida yake binafsi. Kuhubiri na kuongoza sala kulikwenda kwa zamu, na usimamizi wa nyumba ulibadilishwa kila mwezi, ili asitokee bwana mmoja wa nyumba. Carey alikabidhiwa fedha na sanduku la dawa. Jambo ninalolipenda kuliko yote katika mpango huo ni jioni ya Jumamosi, ambayo waliitenga kwa ajili ya kutatua tofauti zilizojitokeza katika juma na kuahidiana tena kupendana. Hawakusubiri ugomvi ukomae ndipo waitane. Waliuwekea siku yake, kama walivyoiwekea ibada siku yake. Aliyekuwa na neno juu ya mwenzake alijua kwamba Jumamosi ingefika, na aliyekosa alijua hivyohivyo.

Mpango huo uliwashikamanisha Carey, Marshman na Ward hadi kifo, lakini haukuweza kuwashika watu ambao hawakuujenga. Wamisionari vijana waliofuata waliona mamlaka ya wazee hao watatu kuwa mazito, na kufikia mwaka 1818 walikuwa wamejitenga na kuendesha misheni yao Kalkuta. Kuishi pamoja kwa namna hiyo hakurithiwi. Kila anayefika hana budi kuingia kwa hiari yake na kupewa nafasi ya kweli ya kusema.

Wapo waliotumwa mbali kiasi kwamba kanuni yoyote ya idadi isingewafaa. Fransisko Ksaveri, mmoja wa Wajesuiti wa kwanza, aliwaandikia wenzake kutoka Ambon, kisiwa cha Indonesia ya leo, mwaka 1546 kwamba amekata majina yao kutoka katika barua walizomwandikia, majina waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, naye huyabeba daima pamoja na karatasi ya nadhiri zake.

Hata hivyo ushirika wa wamisionari una hatari yake, nayo ni kujifungia. Watu watatu wanaoelewana vizuri, wanaozungumza lugha ya kwao na kukumbushana habari za kwao, wanaweza kukaa miaka kumi katika nchi bila kuwa na rafiki hata mmoja wa nchi hiyo. Lavigerie aliliona hilo, akaagiza kwamba baada ya miezi sita wamisionari wazungumze wao kwa wao lugha ya watu waliotumwa kwao. Ni agizo gumu kwa mtu aliyechoka jioni, lakini lilimaanisha kwamba mwenyeji akiingia mezani hakuwa mgeni wa mazungumzo. Kwa upande wa Waprotestanti, ukuta huo ulitikiswa kwa njia nyingine. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church na Simeoni Nsibambi walikutana Kampala wakasoma Biblia na kusali pamoja, na katika miaka ya 1930 Uamsho, yaani wimbi la toba na kuungama dhambi hadharani, ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi nchi jirani. Katika vikundi vya ushirika vya Uamsho huo, wamisionari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika waliofanya kazi nao wakaungama kiburi na dharau yao, nao Waafrika wakaungama ya kwao, kisha wakaitana ndugu. Ule ushirika ambao hapo awali ulikuwa wa wageni miongoni mwao wenyewe ukapata watu wake kamili.

Leo wanashirika wengi vijana wa Lavigerie wanatoka Afrika yenyewe, na nyumba moja huweza kuwa na Mghana, Mhindi na Mfaransa, kila mmoja akiwa mbali na kwao kwa namna yake. Kanuni ya watatu bado ipo, na gharama yake ni halisi: watu wanapopungua, shirika kwa kawaida huikabidhi parokia kwa jimbo, hata kama waumini wanaomba padre mmoja tu abaki, kwa sababu huyo mmoja ndiye hasa ambaye Lavigerie alikataa aachwe peke yake.