Je, wajua kwa nini ukurutu, au pumu ya ngozi, huwasha zaidi usiku?

Mchana kutwa mtoto anacheza. Taa ikizimwa, anaanza kujikuna mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka linapata madoa ya damu. Kwenye nyumba za kupanga za Kampala, ambako ukuta ni mmoja, majirani nao husikia, na asubuhi kila mtu ana jibu lake: amekula samaki, karogwa, ana minyoo.

Jibu lenyewe limo mwilini. Homoni ya kotisoli, inayosaidia kutuliza uvimbe, hushuka sana usiku. Saa hizohizo damu husogea karibu na ngozi ili mwili upoe kwa ajili ya usingizi, na ngozi ikipata joto huwasha. Watoto watatu chini ya blanketi moja na bati juu yao, joto linazidi. Isitoshe, usiku ngozi hupoteza maji mengi zaidi, na ngozi yenye ukurutu haikuwa na akiba. Ni ukuta wa matofali uliopungukiwa udongo wa kuunganishia: maji yanatoka, sabuni na vumbi vinaingia.

Kwa hiyo kazi ifanyike jioni. Maji ya vuguvugu, muda mfupi. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali mno kwa ngozi hii, na dodoki lipumzishwe. Mfute mtoto kwa kumgusagusa na taulo, kisha umpake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, wala si lazima yawe ya bei. Watu wa Lango na Acholi, kaskazini mwa Uganda, wana mafuta ya mti wa shea, wanayoyaita “moo yao”. Sina ugomvi na mafuta hayo, ilimradi muuzaji hajayatia marashi. Kata kucha.

Ukurutu ukichachamaa, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo daktari huandika krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kwa siku chache. Ninachokihofia ni tyubu za dukani zinazochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki, ambazo wengine hujipaka wawe weupe. Zikitumiwa ovyo hukondesha ngozi, na choa hujificha chini yake huku kikienea.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Ukurutu huonekana wa kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, mara nyingi kwa vipele vidogovidogo. Na kama nyumba nzima inajikuna usiku, tazama katikati ya vidole: huenda ni upele wa vijidudu vinavyochimba ngozini (scabies), ambao huambukiza na hutibiwa pamoja kwa wote. Ukurutu hauambukizi.

Ukiona usaha au maganda ya manjano, nenda kituo cha afya. Malengelenge yanayoenea haraka pamoja na homa hayangoji kesho.