Muziki wa Mashine si wa Kuazima: Dhana Potofu Kuhusu Wasanii Weusi na Ukweli Wake

Miongoni mwa vijana wanaopiga muziki katika kumbi za sherehe za Arusha na Moshi, na hata kwa watayarishaji wanaokesha mbele ya kompyuta katika studio ndogo za Sakina na Ngarenaro, kuna imani iliyozoeleka kiasi kwamba haijadiliwi tena: kwamba muziki wa kielektroniki, yaani unaotengenezwa kwa mashine na kompyuta, ni mali ya Wazungu na sisi tumeuazima tu. Imani hiyo ina matawi kadhaa, na kila tawi linawadhulumu watu ambao majina yao yanafahamika na ambao kazi zao bado zinasikilizwa.

“Hausi na tekno vilizaliwa Ulaya.”

Hausi (house), muziki wa dansi wenye mdundo wa mashine unaojirudia, ilizaliwa Chicago, Marekani. Mwaka 1977 Frankie Knuckles, kijana Mweusi mzaliwa wa New York, alianza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse, iliyokuwa kimbilio la Weusi na Walatino, wengi wao wakiwa mashoga ambao kumbi nyingine hazikuwakaribisha. Mwaka 1984 Jesse Saunders, akishirikiana na Vince Lawrence, alitoa santuri ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya hausi kuuzwa madukani. Ilipofika Januari 1987, wimbo wa Steve “Silk” Hurley, naye wa Chicago, ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza. Kwa hiyo Ulaya iliupokea muziki huu ukiwa umekwisha kukomaa.

Tekno (techno), mtindo unaokaribiana na hausi lakini wenye sauti kavu zaidi za mashine, ilitoka Detroit, jiji la Marekani la viwanda vya magari. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, vijana watatu Weusi, walifahamiana wakiwa wanafunzi katika mji jirani wa Belleville, na Atkins, kupitia kundi la Cybotron aliloliunda na Rick Davis, alitoa santuri ya kwanza mwaka 1981. Ni haki kusema kwamba Atkins na wenzake waliwasikiliza Kraftwerk, kundi la muziki wa kielektroniki la Düsseldorf, Ujerumani. Hawakulificha jambo hilo hata siku moja. Lakini waliwasikiliza pia wanamuziki wa fanki wa Marekani, na walichokitengeneza kutokana na hayo yote hakikuwepo Düsseldorf wala mahali pengine popote. Berlin, ambayo leo hutajwa kama makao makuu ya tekno, iliukumbatia muziki huo baada ya Ukuta kuanguka mwaka 1989. Klabu ya Tresor ilifunguliwa huko mwaka 1991, na lebo yake, yaani kampuni yake ya kutoa santuri, ilianza na kazi ya wanachama wa Underground Resistance, kundi la Detroit la Mike Banks, Jeff Mills na Robert Hood.

“Weusi walitoa sauti na mdundo, ufundi wa mitambo ulikuwa wa wengine.”

Dhana hii inaudhi kuliko zote, kwa sababu huvaa sura ya sifa. King Tubby wa Kingston, Jamaika, alikuwa fundi wa redio na vipaza sauti kabla hajawa bingwa wa dabu (dub), mtindo wa rege inayochanganywa upya studioni, na ni yeye aliyeigeuza meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala, akiondoa sauti ya mwimbaji, akirudisha besi na kuipa mwangwi, miaka mingi kabla neno rimiksi, yaani wimbo uliochanganywa upya, halijawa la kawaida. Kule Chicago, DJ Pierre na wenzake wa kundi la Phuture walichukua TB-303, mashine ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa ili kuiga gitaa la besi na ambayo kiwanda kilikuwa kimeacha kuizalisha kwa kukosa soko, wakazungusha vitufe vyake kwa namna ambayo walioiunda hawakuikusudia. Santuri yao ya mwaka 1987 ilizaa tawi zima la hausi, lile linaloitwa asidi.

“Kama kweli walikuwa wazuri, dunia ingewajua.”

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, maana wanaosema hivi wanadhani umaarufu hujileta wenyewe. Haujileti. Hutegemea jina kuandikwa kwenye jalada, sura kuonekana kwenye video na mkataba kuheshimiwa, na katika yote matatu wasanii Weusi wa muziki huu walipunjwa.

Mwaka 1989 kundi la Kiitalia la Black Box lilitawala chati ya Uingereza kwa majuma sita kwa wimbo uliojengwa juu ya sauti ya Loleatta Holloway, mwimbaji wa Chicago, iliyokatwa kutoka kwenye wimbo wake wa mwaka 1980. Kwenye video alionekana mwanamitindo akifumbua mdomo tu. Muda si mrefu jambo kama hilo lilimpata Martha Wash: sauti yake ilisikika katika nyimbo za Black Box na za C+C Music Factory, lakini mbele ya kamera akawekwa mwanamke mwingine, mwembamba kuliko yeye. Wash alikwenda mahakamani, na mapambano yake yakachangia kampuni za muziki kuanza kuwataja waimbaji wa kweli kwenye majalada. Ninamtaja kwa heshima kubwa, kwa sababu kila mwimbaji wa kiitikio anayeandikwa jina leo anafaidi kesi za mama huyu.

Upo pia mfano wa sekunde sita. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilirekodi wimbo wenye kipande kifupi cha ngoma kilichopigwa na Gregory Coleman. Kipande hicho kimenakiliwa katika maelfu ya nyimbo, na muziki wa jangali (jungle) na ule wa drami na besi (drum and bass), mitindo ya kielektroniki ya kasi kule Uingereza, ulisimama juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, hakupata mrabaha wa matumizi hayo; mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia takribani pauni 24,000 kwa hiari yao.

“Hayo yalikuwa ya zamani, sasa wanatambuliwa.”

Yapo mabadiliko, na si vyema kuyabeza. Jengo lililokuwa na klabu ya Warehouse lilitangazwa kuwa urithi wa jiji la Chicago mwaka 2023. Lakini tazama tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi na kielektroniki: ilianza kutolewa mwaka 2005, na mshindi wa kwanza Mweusi, Kaytranada, mzaliwa wa Haiti aliyekulia Kanada, alipatikana mwaka 2021. Mwaka uliofuata alishinda Black Coffee wa Afrika Kusini, kisha Beyoncé mwaka 2023. Muziki ulioanzishwa na Weusi ulisubiri miaka 16 kumwona Mweusi akiichukua tuzo hiyo. Machi 2024 Ujerumani iliingiza tekno ya Berlin katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Berlin ina haki ya kujivunia kumbi zake, lakini habari hiyo ilipoenea, wengi waliipokea kana kwamba Detroit haikuwahi kuwepo.

“Hayo ni ya Wamarekani, sisi hayatuhusu.”

Singeli ya Dar es Salaam ni muziki wa kielektroniki kwa kila kigezo: hutengenezwa kwa kompyuta, kwa vipande vilivyokatwa na kuharakishwa hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso, na tangu hapo watayarishaji kama Jay Mitta na Bamba Pana wamesikika hadi Ulaya. Hata hivyo, muulize mtu yeyote ndani ya kifodi (daladala ndogo) cha Arusha kinachopiga singeli kwa sauti ya juu: atamtaja mwimbaji, na mtengenezaji wa mdundo hatamjua.

Watayarishaji wetu wa Arusha na Moshi huongezea dhana moja zaidi, kwamba asiyesajili kazi yake hana haki nayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema vingine: haki huzaliwa pale kazi inapobuniwa, na hudumu maisha yote ya mbunifu na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni ushahidi wa kumsaidia pale mdundo wake unapotokea kwenye wimbo wa mtu mwingine bila jina lake.